Mswada wa Achebe: ni nani hasa aliyeufikisha kwa mchapishaji?

Mwaka 1957 kijana mmoja mfanyakazi wa redio mjini Lagos alifunga mswada wa riwaya yake, akaupeleka posta na kuutuma London. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na hakuwa na nakala nyingine. Haukwenda kwa mchapishaji wala kwa mhariri. Ulikwenda kwenye ofisi ya wapiga taipu ambao tangazo lao alikuwa ameliona katika jarida la The Spectator. Kijana huyo ni Chinua Achebe, na riwaya yenyewe ni ile ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni, ama kwa Kiingereza kama Things Fall Apart, ama katika tafsiri ya Clement Ndulute iliyotoka Nairobi mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo.

Kisa cha mswada huo husimuliwa kama kisa cha bahati: kitabu kikubwa kiliponea chupuchupu kupotea, tumshukuru Mungu, tuendelee. Mimi naona kina faida nyingine kwa mtu mwenye mswada wa kwanza mkononi anayeuliza ampate wapi mhariri, au ampate wapi wakala, yaani mtu wa kuupeleka mswada kwa wachapishaji kwa niaba yake. Ukikifuatilia hatua kwa hatua utaona kwamba wakala na mhariri, watu wawili tunaowatafuta kwa udi na uvumba, wamo ndani yake kwa nafasi ndogo mno. Mzigo ulibebwa na watu wengine kabisa, na kwa sehemu kubwa na mwandishi mwenyewe.

Kijana na kazi yake

Achebe alizaliwa mwaka 1930 huko Ogidi, mashariki mwa Nigeria. Alisoma Ibadan, akamaliza mwaka 1953, na mwaka uliofuata akaajiriwa na shirika la utangazaji la Nigeria mjini Lagos. Aliwekwa kwenye idara ya vipindi vya mazungumzo, ambako kazi ni kuyaandaa maandishi hadi yawe maneno ambayo mtu akiyasoma hewani yatasikika kama anazungumza. Wasimuliaji wengi hulipita jambo hili mbiombio. Kwangu ndilo la kwanza la kuwekwa kwenye faili la kisa hiki, kwa sababu linaeleza mengi yaliyofuata. Mtu huyu alikuwa akilipwa mshahara kwa kunyoosha maandishi, na siku ilipofika ya kukata ya kwake, mkono haukumtetemeka.

Mhariri wa kumshika mkono hakuwa naye. Alipokuwa bado chuoni, idara ya Kiingereza ilitangaza shindano la hadithi fupi. Akaandika, akapeleka. Matokeo yalipobandikwa ikaonekana hakuna mshindi, maana hakuna hadithi iliyofikia kiwango, ila yake ilitajwa kuwa ina afadhali. Akamfuata mhadhiri aliyehusika kumuuliza kasoro ni nini. Akajibiwa kwamba hadithi haina umbo. Akaomba aelezwe hilo umbo ni kitu gani. Mhadhiri akasema hakuna neno, atamweleza, lakini kwa sasa anawahi kucheza tenisi, amkumbushe siku nyingine. Muhula ukakatika. Mwishowe mhadhiri yule yule akamwambia kwamba ameipitia tena ile hadithi na kwa kweli haina tatizo lolote. Achebe alisimulia miaka mingi baadaye kwamba hayo ndiyo yote aliyofundishwa na idara ile kuhusu kuandika hadithi.

Mlango uliofunguka mapema mno

Mwaka 1956 alipelekwa London kwenye mafunzo ya watumishi wa BBC, na mswada alikuwa nao. Miongoni mwa walimu alikuwepo Gilbert Phelps, mwandishi wa riwaya, mtu aliyefahamiana na wachapishaji kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akichapishwa. Mwenzake Achebe katika mafunzo, Bisi Onabanjo, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa jimbo la Ogun, alimshikilia ampe Phelps mswada ausome. Achebe aliona haya, kama tunavyoona haya sote, lakini mwishowe akampa. Phelps akausoma, akaupenda, akaomba ruhusa aupeleke kwa wachapishaji wake.

Achebe akakataa. Akasema kazi bado haijaiva.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo kisa kinapogeuka. Mtu yeyote mwenye mswada wa kwanza anajua njaa iliyopo. Umeandika usiku baada ya siku nzima ya kazi, hakuna aliyekuomba uandike, na hujui kama ulichoandika kina thamani. Halafu anatokea mtu anayewajua wenyewe na anasema, nipe nikupelekee. Wengi wetu tungeutoa mswada kabla hajamaliza sentensi. Tungeogopa kwamba mlango ukifungwa leo hautafunguka tena. Hofu hiyo si ya kijinga, maana kweli ipo milango ya namna hiyo. Lakini upo upande wa pili ambao hatuupigii hesabu: mchapishaji akiukataa mswada wako leo, ni nadra sana akubali kuusoma tena mwakani eti kwa kuwa umeurekebisha. Amekwishaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ameuona. Ukipeleka kazi mbichi unakuwa umeitumia nafasi ya kazi iliyoiva.

Angalia pia namna alivyokataa. Hakumpa Phelps mgongo. Alimwambia bado, na "bado" yake ilikuwa na sababu ambayo mwandishi mwenzake angeielewa. Ndiyo maana mwaka 1958, mswada ulipokuwa tayari, aliweza kurudi kwa Phelps yule yule bila aibu, na Phelps akamwelekeza kwa wakala. Kwa hesabu yangu, uhusiano ule ulikuwa na thamani kubwa kuliko hata huyo wakala, na Achebe aliutunza kwa kutoutumia kabla ya wakati.

Basi kazi iliyokuwa haijaiva ni ipi? Mswada aliokwenda nao London ulikuwa na vizazi vitatu ndani yake: Okonkwo, mwanawe, na mjukuu wake. Achebe aliporudi Lagos akaona kwamba vizazi vitatu katika kitabu kimoja vimebanana na kila kimoja kimekuwa chembamba. Akaondoa kizazi cha pili na cha tatu, akabaki na Okonkwo peke yake, kisha akaipanua sehemu hiyo kwa kuongeza sura na kupanga upya zilizokuwepo.

Huo ndio uhariri mkubwa uliofanyika katika kisa hiki kizima, na ulifanywa na mwandishi. Sijui wahariri wangapi wangethubutu kumwambia mwandishi asiyejulikana aiweke kando theluthi mbili ya kitabu chake. Wengi wangesema punguza kidogo hapa, ongeza kidogo pale, na kitabu kingetoka na vizazi vyake vitatu vyembamba. Vilivyokatwa navyo havikutupwa jalalani. Mjukuu alipata kitabu chake mwenyewe, No Longer at Ease, mwaka 1960. Mwana, yule wa katikati, hakukipata cha kwake. Anayeogopa kukata kwa sababu "nitapoteza kazi yote hii" atazame mfano huu kwa pande zote mbili: kimoja kilirudi, kingine hakikurudi.

Nakala moja, hakuna daftari

Sasa turudi posta. Mswada wa mkono ulikuwa hausomeki na mchapishaji yeyote wa maana, kwa hiyo lazima upigwe taipu. Achebe aliamini kwamba ukipigwa kitaalamu utapendeza machoni pa wakubwa wa London. Akawaandikia wale wa tangazo, wakamjibu na kumtajia gharama. Kwa kumbukumbu zake mwenyewe ilikuwa pauni 32 kwa nakala mbili. Maandishi mengine yanataja pauni 22. Akatuma fedha. Akatuma mswada. Kimya.

Wiki zikapita, kisha miezi. Akaandika barua, akaandika nyingine, hakuna jibu. Anasema alianza kukonda. Akaja kueleza baadaye kwamba mswada ule ungepotea, huenda angekata tamaa na kuacha kuandika kabisa.

Aliyemwokoa ni mkuu wake kazini, Mwingereza aitwaye Angela Beattie, aliyekuwa anakwenda London likizo. Achebe akamweleza. Mama huyo akasema, nipe jina lao na anuani yao. Alipofika London akaenda ofisini kwao mwenyewe, akauliza huu ni upuuzi gani. Wakamwambia mswada walikwishautuma, forodha ndiyo iliyourudisha. Akasema, basi nionyesheni daftari mnaloandikia vitu mnavyotuma. Daftari hawana. Akawaambia mswada umfikie mwenyewe ukiwa umepigwa taipu ndani ya wiki, vinginevyo watakiona. Haukupita muda, Achebe akapokea mswada wake Lagos. Nakala moja, wakati alikuwa amelipia mbili, na bila barua yoyote ya maelezo.

Wahenga wetu walikwishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijapata kuona methali inayoingia kwenye kisa sawasawa kama hii hapa. Lakini tusiwaangalie wapiga taipu peke yao. Achebe naye alituma nakala pekee ya kazi ya miaka kwa watu asiowajua, ng'ambo ya bahari, kwa kuamini tangazo la gazetini. Siku hizi kuna barua pepe na hifadhi za mtandaoni, na bado kila mwaka utamsikia mtu ambaye riwaya yake yote ilikuwa kwenye kompyuta moja iliyoibwa.

Kuna mvutano kuhusu kilichotokea pale ofisini. Alan Hill wa Heinemann, kampuni ya London iliyokuja kukichapisha kitabu hicho, aliamini kwamba mswada ulitelekezwa tu pembeni ukajaa vumbi. Achebe hakukubali. Yeye alishikilia kwamba watu wale hawakuwa na nia ya kuurudisha, kwa kuwa walijua kitu kikitoka Afrika hakina mtu wa kukifuatilia. Mimi namwelewa zaidi Achebe. Uzembe wa kawaida huwa haumsukumi mtu kubuni kisingizio cha forodha. Hata hivyo, ukichukua maelezo ya yeyote kati yao, jibu la kivitendo ni lile lile: palihitajika mwili wa mtu kusimama mbele ya meza. Beattie hakuusoma mswada ule pale wala hakuutathmini. Huenda hakuwa na maoni yoyote kuhusu riwaya. Alichofanya ni kufuatilia, na kufuatilia ndiko kulikokosekana.

Ndiyo maana mtu akiniambia anamtafuta wakala huwa namuuliza kwanza, wa kazi gani? Kama ni wa kufuatilia barua zisizojibiwa, huenda binamu yake anayefanya kazi mtaa mmoja na ofisi ya mchapishaji anatosha.

Na fedha zile pia zina jambo la kutuonya. Achebe alilipa mbele, kwa huduma ya kuupendezesha mswada, kabla hajasomwa na mchapishaji hata mmoja. Mtindo huo haujafa. Leo wapo wanaojiita wachapishaji, na wengine wanaojiita mawakala, wanaoomba ada ya kusoma, ada ya jalada, ada ya usajili. Ukitaka kujichapishia mwenyewe, lipa mpiga chapa na ujue unanunua uchapaji. Hiyo ni biashara halali na imewasaidia wengi. Lakini wakala wa kweli haombi ada ya kusoma. Anakula asilimia ya mapato yako: Uingereza na Marekani kwa kawaida ni 15 kwa mauzo ya nyumbani na 20 kwa haki za nchi za nje. Kitabu kisipouzwa, naye hapati kitu. Anayelipwa kabla ya kufanya kazi hana haraka, kama walivyokuwa wale wapiga taipu.

Sentensi moja ya Donald MacRae

Mwaka 1958 mswada, sasa ukiwa umepigwa taipu, ulikwenda kwa wakala wa London aliyependekezwa na Phelps. Wakala akauzungusha kwa wachapishaji. Baadhi waliukataa papo hapo, wakisema riwaya za Waafrika hazina soko. Mwishowe ukafika Heinemann.

Heinemann hawakujua waufanye nini. Msomaji wao wa kawaida wa riwaya aliusoma na kuandika taarifa ndefu, lakini wakubwa wakasita. Hill alieleza baadaye kwamba swali lilikuwa moja: je, kuna mtu atakayenunua riwaya ya Mwafrika? Hakuna mfano wa nyuma, walisema. Hapo sitawaacha wapite hivi hivi, kwa sababu mifano ilikuwepo, tena mlangoni pao. Faber walikuwa wamemchapisha Amos Tutuola mwaka 1952, na Cyprian Ekwensi alikuwa ametoa riwaya yake London mwaka 1954. Mtu asiyetaka kununua hawezi kukosa sababu.

Katika kusitasita huko, mtu akakumbuka kwamba kampuni ina idara ya vitabu vya shule inayouza Afrika, labda wao wanajua. Idara hiyo ilikuwa na mshauri, Donald MacRae, mwanazuoni wa London School of Economics, ambaye ndiyo kwanza amerudi kutoka Afrika Magharibi. Akapewa mswada. Taarifa yake ilikuwa sentensi moja: hii ni riwaya bora kuliko zote nilizosoma tangu vita. Hill aliikumbuka kuwa na maneno 11. Achebe aliikumbuka kuwa na maneno saba, na kwamba ilisema riwaya bora ya kwanza. Maneno yawe mangapi, mjadala uliishia hapo.

Kwa nini taarifa ndefu ilishindwa na sentensi moja ikaweza? Jibu jepesi ni kwamba MacRae alikuwa na cheo na alikuwa ameiona Afrika kwa macho yake. Ni kweli, lakini haitoshi. Nadhani taarifa ndefu iliwapa wakubwa mambo mengi ya kujadili, na watu wenye shaka wakipewa mengi ya kujadili wanajadili. Sentensi ya MacRae haikuwaachia pa kushika. Ni maneno ambayo mkurugenzi anaweza kuyabeba kichwani mpaka chumba cha mkutano na kumwambia mwenzake bila kufungua karatasi. Ndani ya kampuni ya uchapishaji, kitabu husafiri kwa midomo: msomaji anamwambia mhariri, mhariri anamwambia mkuu wa mauzo, naye anamwambia mwenye duka. Kitabu kisichoweza kusemwa kwa pumzi moja huishia kwa mtu wa kwanza.

Na hapa ndipo barua nyingi za kupelekea miswada zinapokosea. Nyingi zinaeleza mwandishi amezaliwa wapi, amesoma wapi, amependa fasihi tangu utotoni, na jinsi familia nzima ilivyoukubali mswada. Anayepokea barua hatafuti hayo. Anatafuta sentensi ya kumwambia bosi wake. Ukimwandikia wewe ikiwa nzuri, huenda akaiazima.

Tukumbuke pia kwamba MacRae hakuwa mhakiki wa fasihi. Alikuwa mwanasosholojia. Msomaji wa riwaya aliyezoea riwaya za London alisoma akaacha mashaka yakiwa palepale. Aliyekata shauri ni mtu anayejua jamii za watu. Msomaji sahihi wa mswada wako wa kwanza huenda hafanyi kazi kwenye fasihi kabisa. Ukiandika riwaya kuhusu wavuvi wa Kilwa, mvuvi msomi, au bwana samaki aliyestaafu, anaweza kukuambia jambo ambalo mhadhiri wa fasihi hataliona.

Kitabu kikatoka tarehe 17 Juni 1958, jalada gumu, nakala 2,000. Hill aliandika kwamba kampuni haikugusa hata neno moja. Watu huisoma kauli hiyo kama sifa kwa mwandishi, nami nakubali ni sifa. Lakini naisoma pia kama taarifa ya hali ya mswada ulipowasili. Ulikuja umekwishakatwa, umepangwa, umesafishwa na mtu ambaye kazi yake ya mchana ilikuwa kuandaa maandishi ya redio. Mchapishaji anayesita kuhusu soko hawezi kuongezewa na gharama ya miezi sita ya mhariri. Heinemann walikuwa wanatafuta sababu ya kukataa, na mswada ule haukuwapa ya upande wa kazi yenyewe. Ikabaki ya upande wa soko, ambayo MacRae aliifunika.

Ukinilazimisha niwapange waliosaidia kwa uzito, nitamweka Phelps juu, kwa kuusoma mwaka 1956 na kungoja hadi 1958. Wa pili Beattie. Wa tatu MacRae. Onabanjo naye asisahauliwe, maana bila yeye mswada usingefika mkononi mwa Phelps. Wakala ana mchango wake, kwa kuwa bila yeye bahasha isingefika kwenye meza nyingi namna ile, ila sioni popote alipobadili uamuzi wa mtu. Na tusisahau jambo ambalo wasimuliaji huliepuka: wengi wa wasaidizi hawa Achebe aliwapata kupitia ajira yake. Mafunzo ya BBC yalimpa Phelps na Onabanjo. Redio ilimpa Beattie. Mwalimu wa shule ya msingi huko Ogidi, mwenye mswada mzuri vile vile, angetuma bahasha yake kwa wapiga taipu wale wale, na nani angekwenda kuwaulizia daftari?

Makerere, Juni 1962

Miaka minne baadaye kisa hiki kilipata mtoto, na huyu ni wa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Heinemann walianzisha mfululizo wa African Writers Series, riwaya ya Achebe ikawa namba moja kwa jalada jepesi, na Achebe mwenyewe akawa mhariri mshauri. Mwezi Juni mwaka huo waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere, Kampala. Mwanafunzi mmoja wa hapo chuoni, wakati huo akijulikana kama James Ngugi, baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o, alimwendea Achebe na miswada yake. Achebe akaisoma, akaipeleka kwa Heinemann. Weep Not, Child ikatoka mwaka 1964.

Tazama jinsi njia ilivyofupika. Hapakuhitajika wapiga taipu wa London wala kuwindwa kwa profesa wa kusema sentensi. Mwanafunzi alitembea hatua chache chuoni kwake na kumkuta mtu aliyekuwa tayari kusoma miswada ya watu kama yeye. Kipaji cha Ngũgĩ kisingepungua kama mkutano ungefanyika Accra, lakini mswada ungepita njia nyingine, ndefu zaidi. Na lile swali la nani atanunua lilikuwa limeanza kujibiwa: nchi zilikuwa zinapata uhuru, shule zilikuwa zinataka vitabu, na jalada jepesi lilikuwa na bei ambayo shule ingeimudu.

Lakini Ngũgĩ mwenyewe ndiye aliyekuja kuitia dosari picha hiyo. Aliandika baadaye kwamba yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi mbili zilizochapishwa, alistahili kualikwa Makerere, ilhali Shaaban Robert, mwenye vitabu kadhaa vya mashairi na nathari, hakustahili, kwa sababu aliandika Kiswahili. Shaaban alifariki mwezi huo huo wa Juni 1962. Njia fupi ilikuwepo, na ilikuwa ya lugha moja.

Hilo linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili mpaka leo. Ule mfumo wa mawakala wanaozungusha miswada, ulio wa kawaida London na New York, kwetu haujakita mizizi. Mswada unaupeleka mwenyewe kwa mchapishaji, Dar es Salaam au Nairobi, na mchapishaji huyo kwa kiasi kikubwa anaishi kwa vitabu vya shule. Swali la wakubwa wa Heinemann linaulizwa hapa kwa sura nyingine: je, kitateuliwa kwenye mtaala? Riwaya ya watu wazima, ndefu, yenye mambo ambayo mwalimu hatataka kuyasoma darasani, inaanza safari ikiwa na deni.

Kwa hiyo nafasi ya MacRae, yaani msomaji wa nje mwenye sauti ya kumtoa mchapishaji kwenye kusita, kwetu imechukuliwa na tuzo. Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili ambayo haijachapishwa. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo inapokea miswada. Jopo la majaji halikujui, halina undugu nawe, na likikutaja kwenye orodha fupi mchapishaji anapata ile sentensi ya kubeba mkutanoni. Hata usiposhinda, kutajwa tu ni maneno mawili matatu ya kuweka kwenye mstari wa kwanza wa barua yako inayofuata.

Na mashindano yana jambo moja ambalo mchapishaji hakupi. Siku ya mwisho ya kupokea miswada inatangazwa, na washindi nao wanatangazwa hadharani. Hungoji barua isiyo na tarehe, na wakati wa kungoja unaweza kuwa unaandika kitabu cha pili.